Aliye Juu Nilimngoja Chini

Nilianza kazi nikiwa nimevaa viatu vya kuazima, katika kambi moja ya watalii huko Mara ambayo sitaitaja jina. Mtu wa kwanza kunisemesha alikuwa mwanamke ambaye sote tulimwita Mkuu wa Wageni. Jina lake halisi tulilijua, ila hakuna aliyethubutu kulitumia. Bado kulikuwa na baridi ya alfajiri. Puto lilikuwa limelazwa majanini, wanaume wawili wameshikilia mdomo wake wazi, na feni kubwa inalijaza upepo. Kisha rubani akawasha kichomeo, yaani lile jiko la gesi linalokaa juu ya vichwa vya abiria ili kuipasha hewa moto. Likanguruma, nami nikaruka nyuma kama mtu aliyekanyaga nyoka. Mkuu wa Wageni hakucheka.

"Wewe ndiye Jerida wa kutoka Kakamega?"

"Ndiyo, madam."

"Kazi yako unaijua?"

Nikasema ni kuwapa wageni kiamsha kinywa wakishatua.

"Hiyo ni kazi ya wapishi. Sikiliza vizuri. Puto likitua, miili ya wageni inashuka, lakini wao wenyewe bado wako juu. Siku nzima imebaki mbele yao. Kazi yako ni kuwashusha polepole mpaka jioni. Ukiwashusha vibaya, hata kile kizuri walichoona huko juu watakisahau."

Kwa ujinga wa siku ya kwanza, nikamwuliza mimi nami nitapanda lini. Alinitazama toka vile viatu hadi kitambaa cha kichwani. "Siku utakayostaafu," akasema, akaenda zake.

Ninyi mnaoanza kazi hii leo mna simu za kuonyesha upepo unakotoka na utakakokwenda. Sisi tulikuwa na gari la kufuata na macho. Gari la kufuata ndilo hilo linalokimbia chini likilisaka puto, kwa sababu rubani haamui atatua wapi. Anaamua kupanda na kushuka tu, mengine ni ya upepo. Wahenga walisema aliye juu mngoje chini, na walikuwa wakimsema mwenye majivuno. Mimi nililipwa mshahara kwa kufanya hivyo hivyo bila kumchukia mtu.

Mkuu wa Wageni alinifundisha mambo ambayo sijayasikia yakifundishwa darasani. Mtu akitoka kwenye puto, usimwulize "umeonaje?" Bado hana maneno, na ukimlazimisha atasema uongo wa adabu. Mpe kikombe kizito cha kushika kwa mikono miwili. Mkalishe chini kwenye ardhi, si kwenye kiti. Usimpeleke mahali pengine pa juu kabla ya mchana, maana atalinganisha, na kilima kitashindwa bila kosa lake. Mpeleke penye vitu vidogo, au penye kivuli, au penye mtu mwenye habari ya kumweleza. Niliyakariri hayo kama mtoto anavyokariri Baba Yetu, na hata leo ningeyasema usingizini.

Nilikaa Mara miaka mingi chini yake, kisha chini ya Meneja wa Kambi aliyependa kupiga filimbi, ambaye sina la kumsifu wala la kumlaumu. Halafu nikasikia kwamba watu wachache wa kwetu wameungana, wamenunua puto lililotumika, na wanatafuta mtu anayejua kazi ya chini. Nilirudi nyumbani wiki hiyo hiyo.

Watu hudhani puto la Kakamega lingerushwa kwetu Shinyalu, karibu na msitu. Haiwezekani. Shinyalu ni vilima, mashamba madogo ya mahindi na majani chai yamebanana, na miti kila upande. Puto halina pa kukaa. Tuliliweka Lugari, upande wa Lumakanda na Chekalini, kwenye ardhi tambarare ambayo zamani ilikuwa mashamba ya Wazungu kabla ya kugawiwa wenyeji. Mahindi yakishavunwa na mabua kusimamishwa matita matita, kunabaki uwanja ambao rubani yeyote angeushukuru. Ndiyo maana tulifanya kazi kiangazi tu.

Rubani wetu tulimwita Kapteni. Alikuwa mtu wa Pwani, mpole, Kiswahili chake kinateleza hata akiwa amekasirika. Yeye ndiye aliyeleta desturi ya kupiga hodi. Kila akitua kwenye shamba la mtu, kabla hajaruhusu abiria yeyote kushuka, alisimama ndani ya kikapu na kupaza sauti: "Hodi wenyewe!" Wenye shamba walikufa kwa kicheko. Mzee mmoja wa Lumakanda alimjibu, "Hodi gani hiyo, na wewe umeingilia paani?" Lakini alimkaribisha, na siku iliyofuata alituma watoto kuuliza kwa nini hatukupita kwake tena.

Siku ya wageni niliipanga hivi. Chai ya maziwa na viazi vitamu palepale shambani, wameketi juu ya mabua. Kisha gari hadi msituni, tukiingia wakati umande umekauka, na humo niliwaomba watazame chini: siafu, uyoga, vipepeo wanaokunywa tope. Mbega walio juu ya miti wangejionyesha wenyewe. Kilima cha Lirhanda, ambacho kila mgeni ameambiwa asikose, nilikiacha hadi jua lipungue. Mchana ilikuwa ingokho na obusuma, yaani kuku na ugali, nyumbani kwa watu, si hotelini, na mgeni mwanamume aliye mkubwa kwa umri aliwekewa imondo, ile firigisi ya kuku, akafundishwa kwamba hiyo ni heshima na si kipande kilichobaki. Baadaye Jiwe Linalolia kule Ilesi, lenye maji yanayotiririka usoni mwake. Na mwisho, boma la mfugaji wa fahali wa kupiganishwa, mgeni amwone mnyama akiwa amepumzika, na mwenyewe aeleze anavyomlea. Nilikuwa na sababu ya kumalizia hapo. Mtu akisimama mbele ya fahali hawezi kuwa na mawazo ya mawinguni.

Meneja wetu alikaa ofisini Kakamega mjini na alipenda neno moja: programu. "Mama Jerida, programu iende ilivyo." Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeahidi wageni kitu na alitaka wakipate.

Sasa niwaeleze Jumamosi ile ya Chekalini, kwa kuwa ndiyo iliyonifundisha kazi yangu upya wakati nilipodhani nimeimaliza.

Tulikuwa na wageni wanne kutoka Nairobi. Mkubwa wao alikuwa Mama Njoki, mjane, mwalimu mkuu mstaafu, ambaye tangu alfajiri alikuwa akiniuliza juu ya fahali. Puto kwake lilikuwa njia tu ya kuwafikia. Nilikuwa kwenye gari la kufuata na dereva. Tukaona puto linashuka kuelekea Chekalini, zuri tu, halafu upepo ukalisukuma kwenye mstari wa miti ya blugamu. Kapteni hakuwa na hiari. Akavuta kichomeo kwa nguvu na kwa muda mrefu ili aruke ile miti. Na nyuma ya miti palikuwa na boma lililofungwa mahema, watu wamejaa. Hakuna aliyekuwa ametuambia kwamba pana matanga, na hakuna kati yetu aliyekuwa na mazoea ya kuuliza.

Aliyekuwa kwenye jeneza ni Mzee Shivachi, Mwisukha, yaani Mluhya wa Shinyalu kwa asili, aliyehamia Lugari akiwa kijana na kuja na fahali wake. Fahali wake wa mwisho alimwita Posta kwa sababu, alivyosema, hakuwahi kukosa kufika. Posta alikuwa amefungwa langoni, paji la uso limevikwa majani. Moto uliponguruma juu yake alikata kamba, akapita kwenye ua wa miti kana kwamba haukuwepo, akatokomea, vijana wakimkimbiza.

Kwa msiokuwa wa kwetu, lazima nieleze. Mwisukha aliyefuga fahali wa kupigana hazikwi kimyakimya. Fahali wa wenzake huletwa bomani, ngoma za isukuti hupigwa, watu huimba na kukimbia nao wakiuzunguka mji wake. Tunaiita shilembe. Na fahali wake mwenyewe hutangulia, kwa kuwa ndiye anayemtoa bwana wake nyumbani. Malori yenye fahali kutoka Shinyalu yalikuwa tayari barabarani. Kuzikwa bila Posta kungekuwa ni kumwambia Mzee Shivachi kwamba maisha yake yote alikuwa mtu wa kawaida asiye na boma. Na jua likishuka bila kuzika, ni aibu nyingine juu ya hiyo.

Tulipofika, kikapu kilikuwa kimekaa shamba la jirani na wanaume wenye fimbo wamekizunguka. Mbele yao alikuwa Enos, mtoto wa kwanza wa marehemu, aliyekuwa fundi wa magari Eldoret. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Nyinyi mumetufanyia nini? Leo tunazika mzee, na ndume yake mumefukuza!"

Kapteni alivua kofia. Siku hiyo hakupiga hodi. "Nisameheni, ndugu zangu. Moto ulikuwa wangu, na mkono ulikuwa wangu. Niambieni la kufanya, nitalifanya."

"Pole yako itaingia kaburini na mzee?" mmoja akafoka. "Rudisha ndume!"

Simu yangu ikalia. Alikuwa Meneja. Nilimweleza kwa ufupi. Akasema, "Mama Jerida, toa pole kwa niaba ya kampuni, utoe wageni hapo, uwapeleke msituni. Mambo ya matanga tutakuja kuongea na wenyewe Jumatatu." Nilikuwa bado natafuta jibu lenye heshima Mama Njoki aliponyoosha mkono, akaichukua simu sikioni mwangu.

"Mwanangu," alimwambia Meneja, "mimi nimezika mume. Sitoki hapa kwenda kutazama vipepeo." Akanirudishia simu.

Nikaenda kwa mjane wa marehemu. Mama Abigael alikuwa ameketi kwenye mkeka kando ya jeneza, mkono mmoja juu ya mbao. Nilipiga magoti, nikamsalimu, mulembe, nikamwambia mimi ni wa Shinyalu na nafanya kazi na hao wa puto. Nilijiandaa kutukanwa.

"Waambie hao vijana wawache kukimbia," akasema. "Posta akikimbizwa, yeye huendanga mbali zaidi. Mzee hakumkimbiza hata siku moja. Alikuwa anatembea naye tu."

Kila asubuhi, aliniambia, Mzee Shivachi alitoka na Posta kupitia nyuma ya kanisa, wakashuka hadi kwenye josho la zamani, lile bwawa jembamba la kuogeshea ng'ombe lililoachwa na Wazungu, kisha wakarudi. Na njia nzima mzee aliimba wimbo mmoja kwa sauti ya chini. Mama Abigael aliusikia kutoka jikoni maisha yake yote ya ndoa. Lakini mjane haondoki kando ya jeneza, na kwetu mwanamke haongozi fahali. Akamwita Enos.

"Vaa koti ya baba yako."

Wazee waliguna. Nguo za marehemu haziguswi mpaka siku ya kuzigawa, mazishi yakishapita. Mzee mmoja alisimama kabisa. "Mama Abigael, hiyo ni mwiko, unajua."

"Enos harithi," alimjibu bila kuinua sauti. "Anaazima. Mwenyewe bado yuko hapa, na hajakataa."

Yule mzee akaketi. Enos akavaa lile koti, mikono ikamfika vidoleni. Kisha akakiri jambo lililokuwa likimchoma kuliko hasira yake yote: wimbo hakuujua. Aliondoka nyumbani akiwa mdogo kwenda shule ya bweni, kisha kazini, na hakuwahi kutembea na baba yake ile njia. Basi mama yake akamfundisha palepale kando ya jeneza, akiimba mstari, naye akiurudia, wapiga isukuti wamenyamaza na waombolezaji wote wanasikiliza. Niliwahi kuwaona wageni wakitazama simba akiwinda, na hawakutulia kama walivyotulia wale wanne.

Tukatoka. Enos mbele akiimba, wazee nyuma yake, kisha Kapteni na kofia mkononi, kisha wageni na mimi. Tulipita nyuma ya kanisa, kinu cha posho, shamba la maharagwe, mfereji ambao Mama Njoki aliuvuka kwa kushikwa mkono na kijana yule yule aliyefoka kuhusu kaburi. Katika maisha yangu ya kazi, ndiyo mara ya kwanza kutembea na wageni bila kuwaelezea kitu.

Posta alikuwa amesimama kwenye ule ujia mwembamba wa josho, kichwa kimeinama, pua inatoa povu. Alipotuona alikwaruza udongo. Wazee wakasimama. Enos hakusimama, ila sauti ilimkatika. Nilidhani mambo yameharibika. Fahali akipigwa na woga huua kuliko mwenye hasira, na kulikuwa na wageni wangu pale, na kijana aliyevaa koti la mtu mwingine. Halafu Enos akaanza upya, kwa chini zaidi, karibu ananong'ona. Posta akanyoosha shingo. Akanusa mkono wa koti, akanusa tena, muda mrefu sana. Enos akageuka akaanza kurudi nyumbani, akiimba, hakutazama nyuma, na yule mnyama akamfuata hatua kwa hatua kama alivyozoea.

Malori ya Shinyalu yaliwasili tukiwa tunaingia langoni. Shilembe ilifanyika. Posta alitangulia, isukuti zikapigwa mpaka ardhi ikawa inatetemeka miguuni, na Enos, ambaye tangu asubuhi hakuwa amelia, alilia akiwa ameegemea ubavu wa fahali wa baba yake. Mzee Shivachi akazikwa jua likiwa bado lipo. Tulikula obusuma na nyama pamoja na waombolezaji, na Kapteni alipewa kazi ya kunawisha watu mikono, akaifanya mpaka mtu wa mwisho.

Jioni, tukiwa garini, Mama Njoki aliniambia, "Jerida, sasa ndiyo nimeshuka." Sikuwa nimemweleza kamwe maneno ya Mkuu wa Wageni. Nilitazama nje ya dirisha nisionekane nikilia.

Toka wiki ile tulikuwa na sheria. Jioni ya kuamkia safari, na tena alfajiri kabla ya kuwasha feni, lazima mtu aulize katika vijiji vyote vilivyo upande wa upepo: matanga yako wapi? Kama yapo, puto halirushwi upande huo, hata kama wageni wametoka ng'ambo. Meneja alilalamika msimu mzima juu ya programu yake. Msimu uliofuata nilimsikia akiuliza mwenyewe kwa simu, kwa sauti ya upole, "Na huko Chekalini, kuna msiba?" Tulizoeana na nyumba ile. Kila kiangazi nilipitisha wageni kwa Mama Abigael kunywa chai, wakamwona Posta akizeeka, naye alipenda kumtania Kapteni: "Leo umekuja na miguu? Umekuwa mtu."

Mimi nilizeeka pia. Magoti yakakataa msitu. Nilifundisha wasichana wawili kazi ya kushusha wageni, nikatangaza kwamba mwisho wa msimu napumzika. Kapteni alikuwa amesikia habari ya ile ahadi ya siku yangu ya kwanza, maana nilikuwa nimeisimulia mara nyingi kuliko ilivyostahili. Akasema asubuhi yangu ya mwisho hatachukua mgeni yeyote. Atanipandisha mimi.

Sitajifanya kwamba lilikuwa jambo dogo. Nilikuwa nimetazama vikapu vikiondoka maisha yangu yote ya kazi. Asubuhi hiyo nilivaa viatu vipya. Feni ilikuwa inavuma, puto limeanza kunyanyua mgongo, rangi zake zinafunguka, na wale wasichana wangu wananipiga picha nikiwa nimeshika ukingo wa kikapu. Tulikuwa tumeuliza jioni, na tumeuliza alfajiri, na pande zote zilikuwa salama.

Ndipo pikipiki ikaingia shambani. Alikuwa Enos. Alivaa koti la baba yake, sasa lake kwa haki. Alishuka, akasema, "Mama ametutoka." Niliuliza tu, "Saa ngapi?" Akasema alfajiri ile ile, mama akiwa anawasha moto wa chai.

Nikageuka kumwambia Kapteni. Alikuwa ameshazima feni. Alisimama kando yake na kofia mkononi, na nyuma yake puto lilikuwa linakaa chini taratibu, hewa ikitoka bila mtu kuisukuma. Tulilikunja sote pamoja. Halafu tukaacha magari palepale, tukaenda Chekalini kwa miguu, wapishi na dereva na wote, na langoni Kapteni akapiga hodi kwa sauti ndogo.

Nilikaa kwenye mkeka kando ya Mama Abigael, mkono wangu mmoja juu ya mbao, mpaka alipozikwa. Msimu ulikuwa umekwisha, na puto likauzwa kabla ya mwingine kuanza. Sijapanda hadi leo. Wajukuu wangu hunionea huruma, na kusema kweli nami hujihurumia siku nyingine, hasa asubuhi zenye anga safi. Lakini najua ningeona nini kama tungeondoka mapema kidogo. Ningepita juu ya Chekalini, ningeona bati moja kati ya mabati mengi, na moshi wa jikoni umekatika, nami ningedhani wenyewe bado wamelala.